Kimo cha Jiwe la Namba

Topografe, mpima ardhi, aliniuliza kama lile jiwe limewahi kusogezwa, nami nikamjibu kwamba halijawahi. Akanywa maji, akainama tena juu yake na brashi ndogo mkononi, akiondoa udongo kwenye kisahani cha shaba kilichokaa kichwani mwa jiwe.

"Papa, usikasirike, nataka nisikie vizuri. Hii borne haijatoka hapa hata siku moja?"

"Minye nilizaliwa nikaikuta," nilisema. "Iko fasi yake."

Akaandika. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na saba, katibu wa kamati ya mfereji, na pale shambani ni mimi peke yangu niliyejua kwamba jibu lile si kweli. Aliyelisogeza jiwe ni mimi.

Kijiji chetu kiko kwenye tambarare ya Ruzizi, si mbali sana na Bwegera. Mto mdogo unashuka kutoka milima ya upande wa Lemera, na tangu zamani kuna mfereji unaotoka mtoni na kuishia kwenye matete. Waliopakana na mfereji walilima mpunga. Sisi tulio ng'ambo ya matete, kilomita nne kutoka mtoni, tulilima mihogo na kungoja mvua. Shirika moja lilikubali kugharamia michoro na saruji ya kujengea mlango wa maji ili mfereji ufike hadi kwetu, kwa sharti kwamba kuchimba tuchimbe wenyewe, na kwamba mchoro utengenezwe kwa vimo vya kweli vya ardhi.

Mgeni hawezi kuelewa haraka kwa nini vimo viliwasumbua watu hivyo. Ukisimama kwetu ukatazama upande wa Ruzizi unaona ardhi imelala kama meza. Lakini haikulala. Katika hatua mia inashuka kwa upana wa vidole vitatu, na maji yanaishi kwa vidole hivyo vitatu. Ukikosea kwa urefu wa kiganja, umechimba bwawa.

Kabla topografe hajaja tulijaribu wenyewe. Nilikuwa nimesoma sekondari hadi mwisho, kwa hiyo kazi ilinikuta. Niliweka kwenye simu yangu programu ya kuonyesha altitidi, kimo cha mahali, mwenyekiti akaiweka kwenye yake, na muuguzi wa kituo cha afya pia. Tukaziweka simu tatu kwenye bonde moja la mpunga, zikigusana. Zilipishana kwa urefu wa nyumba tatu, na ya muuguzi ikaendelea kupanda sisi tukiitazama.

Mwenyekiti zamani alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa. Alisema, "Simu yangu inasema niko juu yako mita kumi na tatu. Unisalimie vizuri."

"Na ya muuguzi?"

"Ile inaenda mbinguni. Muiache."

Topografe alipofika kutoka Uvira, alitufungulia kompyuta yake juu ya mashine ya kupukuchulia mahindi akatuonyesha picha iliyopigwa na satelaiti. Tambarare yetu ilikuwa na rangi ya kijani, na katikati palikuwa na kilima chekundu.

"Hapa muko na kilima?" aliuliza.

Tulitazamana. Kwetu hakuna kilima. Mwenyekiti aliikaribia picha, akacheka. "Ile ni michikichi ya baba yake katibu!"

Topografe akasema ndivyo, satelaiti inatazama kutoka juu na kuhesabu majani, haioni udongo. Hata miwa ikiwa imekomaa inaihesabu kuwa ardhi. Ramani kama ile ingemfaa mtu anayepanga barabara ya kupanda Lemera, si mtu wa mpunga. Kwa mpunga alileta chombo cha lenzi kinachosimama juu ya miguu mitatu, anachokiita nivo, na ubao mrefu wenye alama, mira, ambao mtu mmoja anausimamisha huku mwingine akiusoma kwa mbali.

Alileta pia karatasi moja. Alikuwa ameitafuta kwa miezi, ofisi hadi ofisi, hadi mwenzake mmoja wa Bukavu akampa nakala yenye pembe zilizoliwa na mchwa. Ilikuwa orodha ya mawe yaliyowekwa zamani na wachora ramani, kila jiwe na namba yake na kimo chake hadi sentimita. Mawili yalituhusu: moja karibu na daraja, pale mfereji unapoanza, na la pili mwisho wa shamba letu. Sisi tuliliita jiwe la namba.

Alikuwa na gari kwa siku nne tu, na barabara ya tambarare wakati huo haikuwa ya kuaminika. Kupima kutoka mtoni hadi kwetu kwa mstari mmoja, kupitia matete na mabonde yaliyojaa maji, kungechukua zaidi ya wiki. Mawe mawili yakiwa salama, angeanzia kila moja kwa wakati wake, siku mbili huku na siku mbili kule, asiingie matete kabisa.

"Mwalimu wangu angenipiga," alisema. "Lakini kama borne mbili ziko nzima, hesabu itakutana katikati."

Ndipo aliponiuliza.

Baba yangu alilitumia jiwe lile kama pembe ya shamba. Miti ya mpaka huoza, na jirani mwenye hila huipanda upya anapotaka. Jiwe lilikuwa zito, lina shaba, na watu waliliogopa kidogo kwa kuwa lilikuwa la serikali. Alipougua alituita wanawe wawili akasema mpaka uende moja kwa moja kutoka mchikichi wa kwanza hadi kwenye jiwe, upande wa mlima wa kwangu, upande wa Ruzizi wa mdogo wangu. Hakukuwa na maandishi. Hatukuyahitaji.

Mdogo wangu hakukaa shambani sana. Alikuwa Uvira akivua ndagala, akirudi mara mbili kwa mwaka. Mvua zilizofuata kifo cha baba zilijaza maji ile pembe, jiwe likazama. Nilijiambia kwamba nalipeleka pakavu lisipotee. Pakavu palikuwepo pia upande wangu, hatua sita tu. Nililipeleka upande wake, hatua kumi na nane, juu ya kichuguu cha zamani kilichokuwa kimebomoka. Nililing'oa kwa mtaimbo siku ya Jumapili, watu wakiwa ibadani, nikaliviringisha, nikalishindilia kwa kokoto na udongo. Mke wangu aliniuliza mbona sikwenda kanisani. Nikamwambia mgongo. Mgongo uliniuma kweli.

Mdogo wangu aliporudi alisimama mwisho wa shamba, mikono kiunoni, akatazama kwa muda.

"Kaka, shamba limepungua, ama minye nimezoea ziwa?"

"Umezoea ziwa," nilimwambia.

Akacheka. Tulicheka wote. Alifariki baada ya miaka kadhaa kwa ugonjwa wa ini, akamwacha mke na watoto wanne kwenye shamba hilo. Mimi niliendelea kulima kile kipande. Kilikuwa pembetatu ndefu, nyembamba kwenye mchikichi na pana kwenye jiwe, na mihogo yake ilikuwa mizuri.

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa kwenye mstari wa mfereji. Maji yakifika kwake, yamefika kwa wote. Siku vigingi vilipopigwa alimfuata topografe hadi kwenye gari.

"Muzee wa mashine, maji itafika kwangu?"

"Kwa hesabu hii, mama, itafika na kubaki."

Alikwenda kwao Bwegera akarudi na mbegu ya mpunga kichwani. Uchimbaji ulipokuwa umefika katikati, akamwaga mbegu kwenye kitalu kidogo karibu na kisima chake, akawa anainywesha kwa ndoo asubuhi na jioni. Majirani walimwambia angoje kwanza aone maji, kwa kuwa miche ya mpunga haingoji mtu. Ikipita mwezi kitaluni imezeeka.

"Katibu ni baba mkubwa wa watoto wangu," aliwajibu. "Ameandika itafika."

Niliyasikia hayo nikiwa kwenye mtaro wangu, jembe mkononi. Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Nilikuwa nimejihakikishia kwamba hatua kumi na nane za pembeni haziwezi kuvuruga kitu kilichopimwa na mashine.

Tulichimba kwa salongo, kazi ya pamoja, kila nyumba kipande chake, kundi moja likishuka kutoka mtoni na la pili likipanda kutoka kwetu. Kila kigingi kiliandikwa kina cha kuchimba chini yake, nasi tulifuata maandishi. Siku makundi mawili yalipokutana kwenye matete, watu walishangilia, majembe juu. Kisha wakayashusha. Sakafu ya mfereji wa juu ilifika pale, na sakafu ya mfereji wetu ilianza juu yake, karibu na magoti ya mtu. Mbele ya maji palikuwa na ngazi.

"Eh!" mama mmoja alisema, tope hadi mapajani. "Maji yetu itapanda na miguu gani?"

"Mutazame kamba tena," mwenyekiti alipiga kelele. "Kamba ilikwenda kombo."

"Kamba iko sawa. Ni weye uko kombo tangu asubuhi."

"Muite motari na pikipiki yake aibebe maji, apande nayo!"

"Na nauli atalipa nani? Samaki?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilicheka pia. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Jiwe nililolipandisha juu ya kichuguu lilikuwa bado na kimo chake cha zamani kwenye karatasi. Topografe aliliamini, akahesabu ardhi yote ya upande wetu kuwa chini kuliko ilivyo, na vigingi vyetu vyote vikabeba uongo wangu.

Siku ile ile kamati ilikutana, ikaamua kulalamika kwa shirika. Katibu ndiye huandika. Niliandika kwamba mashine ya topografe ni mbovu au mwenyewe hajui kazi, na kwamba wananchi wamepoteza nguvu zao. Niliandika kwa Kifaransa kizuri, nikasoma kwa sauti, wakapiga makofi. Nimefanya mambo mengi maishani ninayoyajutia, na kati ya hayo barua hiyo iko juu kuliko jiwe. Jiwe nililisogeza nikiwa kijana mwenye tamaa. Barua niliiandika nikiwa mzee, nikijua kila neno.

Topografe alikuja baada ya siku tisa, kwa pikipiki, kwa kuwa shirika lilikuwa limemsimamisha kazi na gari hakupewa. Nivo ilikuwa imefungwa mgongoni mwake kwa mpira. Alinionyesha nakala ya barua.

"Mwandiko ni wako, papa?"

"Ni wangu."

"Mzuri," alisema, akaikunja.

Akaijaribu mashine mbele ya watu. Aliisimamisha katikati ya vigingi viwili, akasoma, akaihamishia pembeni, akasoma tena, akamwachia mwenyekiti atazame kwenye lenzi ajionee tarakimu. Zilikubaliana. Akaufuta uso kwa leso.

"Mashine ni nzima. Basi kati ya borne mbili, moja inadanganya."

"Jiwe linadanganya namna gani?" mwenyekiti alimwuliza. "Iko na mdomo?"

"Nataka nichimbe chini yake nione msingi wake."

"Usiguse! Ni la serikali, hata katibu anakuambia halijatoka hapo."

Wakati wanabishana shemeji yangu alifika. Alikuwa na miche mkononi, kama ishirini, mizizi inadondosha tope. Hakuwasalimu. Alimpelekea topografe mche mmoja, akaukunja mbele ya macho yake ili auone.

"Tazama. Imeanza kufunga vifundo. Iko na siku ngapi tena? Tatu? Nne? Unipe siku."

Topografe hakuwa na siku za kumpa. Mwenyekiti akaanza kumtukana topografe, fundi wa uongo, mla kazi ya watu, na shemeji yangu akawa anatikisa kichwa kukubali, miche bado mkononi.

"Jiwe nililisogeza minye," nilisema.

Mwenyekiti alinigeukia akitabasamu. "Katibu, si saa ya masihara."

"Baada ya baba kufa. Lilikuwa kule chini, penye nyasi zile."

Yule mama wa salongo, wa tope hadi mapajani siku ile, ndiye aliyeuliza, "Na ile barua uliyotusomea?"

"Niliiandika nikijua."

Topografe alitoa penseli sikioni. Nilingoja anitukane. Aliuliza tu, "Ulilipandisha kiasi gani?"

"Hatua kumi na nane."

"Hizo ni za mpaka. Nauliza za juu."

Sikujua. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeihesabu hila yangu kwa upana wake. Kimo chake sikukifikiria hata mara moja.

Shemeji yangu alikuwa amesogea karibu. "Kumi na nane upande gani?"

"Upande wenu."

Alitazama shamba, kisha jiwe. "Marehemu alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba amezoea ziwa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei sokoni, akaondoka na miche yake.

Topografe aliandika taarifa kwa shirika, nami nikatia sahihi chini yake. Walimrudisha kazini, na safari hii alipima mstari wote, kutoka mtoni, ndani ya matete. Nilimwomba nibebe mira. Akanikabidhi. Kwa siku nane nilisimama ndani ya maji nikishika ubao ule wima, yeye akisoma kwa mbali na kunipungia mkono nisogee. Akifika mwisho wa kipande alirudi kukipima upya kwa kinyume, na majibu mawili yalipotofautiana hata kwa upana wa ukucha, tulianza tena. Sikuwa nimewahi kuona kazi ya aina hiyo, ambamo mtu anajidhania kosa kwanza kabla ya kuidhania ardhi.

Siku ya mwisho niliuweka ubao juu ya kisahani cha shaba, akasoma, akatoa kimo cha kwenye karatasi, akaniambia, "Sentimita sitini na mbili." Nilipima mkononi mwangu: kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kiganja juu yake. Jiwe hakulitumia tena. Alianzisha hesabu yake kwenye zege la mlango wa maji na kupiga vigingi vipya.

Kuchimba upya kulichukua wiki mbili. Nilichimba kipande changu na cha shemeji yangu. Watu hawakunizomea na hawakunisaidia. Nilipotaka kuachia daftari la kamati, mwenyekiti alinikatalia mbele ya wote.

"Uandike. Sasa tunajua unavyoandika ukidanganya."

Maji yalifika mwisho wa mstari siku ya jua kali, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia kwa shemeji yangu kupitia mlango mdogo niliouchimba. Yeye hakuwepo pale. Miche alikuwa amekwisha kuing'oa na kuwapa mbuzi, na msimu wa kupandikiza ulikuwa umepita. Alipanda maharagwe kwenye unyevu. Kamati ilinyoosha kamba kutoka mchikichi hadi pale penye nyasi, ikamrudishia kile kipande, naye akakipanda maharagwe pia. Mavuno niliyoyachukua humo tangu baba afe hakuyataja.

Mchungaji wetu alitukalisha kwenye benchi mbili barazani kwangu. Niliyasema yote tena, kuanzia Jumapili ile ya mtaimbo hadi barua, na nikaomba msamaha. Shemeji yangu alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Mama, umesikia?" mchungaji aliuliza.

"Nimesikia."

"Unamsamehe?"

"Pasta, maharagwe yangu inangoja palizi," alisema, akainuka.

Mchungaji alitaka kumwita. Nikamzuia.

Msimu uliofuata alivuna mpunga, na misimu mingine baada ya huo. Tukikutana kwenye mfereji ananiita Baba mkubwa kama zamani, kwa kuwa watoto wako pale na ndivyo ninavyoitwa. Ananiuliza zamu ya maji ni ya nani, nafungua daftari namwambia. Sijamuuliza tena lile la mchungaji. Akitaka kujibu anajua nakaa wapi. Wiki hii zamu yake ni Jumanne, baada ya yule mama wa salongo.